Saa Nne za Bi Mkubwa wa Maabara

Bi Mkubwa wa maabara alikuwa hakai kitako. Miaka yote niliyosomea shahada ya sayansi ya viumbe katika chuo kile cha Silicon Oasis, Dubai, sikumwona hata siku moja akiegemeza mgongo. Vile viti virefu vya maabara alisema ni vya wageni na wavivu, na akisema hivyo alinitazama mimi. Alizunguka meza hii hadi ile, akipangusa kilichokwisha kupanguswa, akizima moto wa mtu kabla hajamaliza kuutumia. Ukisikia viatu vyake vya mpira vimenyamaza, ujue amesimama nyuma yako na kuna kitu umekosea.

Mimi nami sikuwa mtulivu, na labda ndiyo maana tulikuwa tunagombana. Nina mguu wa kulia ambao hautaki kukaa. Nikikaa unatikisika, nikisoma unatikisika, hata kanisani mama yangu alikuwa anaukanyaga. Sasa weka mguu huo chini ya meza yenye hadubini.

"Ewe mtoto! Watetemesha amiba wa watu!"

"Pole, Bi Mkubwa."

"Pole mpe amiba."

Wanafunzi wengine, Wahindi, Waarabu na Wafilipino, walimwita Anti. Mimi nilimwita Bi Mkubwa kwa amri. Siku ya kwanza nilipomsikia analitukana jokofu kwa Kiswahili, nilifurahi hadi nikapiga kelele, "Aki, kumbe wewe ni wa nyumbani!" Akageuka polepole. "Nyumbani kwa nani? Na wewe, kwenu hawasalimii?" Mimi ni mtu wa Kitale. Kwetu shikamoo tuliisoma kitabuni tukaiacha hukohuko. Niliitoa hata hivyo, tena kwa haraka. "Marahaba," akasema. "Sasa vaa koti, na hizo nywele zifunge kabla moto haujazisalimia."

Ukoo wake siujui vizuri na sitajifanya naujua. Walikuwa watu wa Unguja waliokaa Dubai siku nyingi, basi. Sikuthubutu kuuliza zaidi. Nilichokijua ni Kiswahili chake, ambacho kilikuwa kimepigwa pasi kila upande, na changu, ambacho kwake kilikuwa nguo iliyotoka kwenye ndoo.

Tulizozana juu ya kila neno. Mimi nilisema seli, kama tulivyofundishwa shuleni. Yeye alisema chembe. Mimi nilisema kitu kiko "kwa friji", yeye aliniuliza friji ameolewa na nani hata vitu vikae kwake. Lakini vita kuu, vita iliyopiganwa kila wiki, ilikuwa juu ya neno moja dogo: masaa.

"Hizi sampuli zinakaa masaa mangapi?"

"Zinakaa nini?"

"Masaa."

"Saa haina *ma*, mwanangu. Saa moja, saa mbili, saa nne. Husemi mabarua, wasema barua. Nani kawapa ruhusa huko bara kuzitia saa za watu *ma*?"

"Lakini Bi Mkubwa, sasa mtu atajuaje? Saa nne ni asubuhi, ile wakati ya chai. Masaa manne ni muda, unahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ni vitu viwili."

"Atajua kwa akili. Mungu kampa."

Na hapo mjadala ulikuwa umekwisha, khalas. Alikwenda zake kumzimia moto mtu mwingine.

Nisije nikamfanya mtu wa kuchekesha tu. Alijua kazi yake kuliko baadhi ya waliokuwa na udaktari mbele ya majina yao. Mara ngapi mhadhiri amesimama ubaoni akachora, na Bi Mkubwa huku nyuma, akipanga vioo, akatikisa kichwa mara moja tu? Mhadhiri akiona kile kichwa alirudi kuangalia mchoro wake. Kabla ya kumpasua panya alisema bismillahi, kisha akamwambia yule panya kwa sauti ya chini, "Utusamehe, si kwa ubaya." Msichana mmoja Mhindi alimwuliza anamwambia nini. "Ninamwomba radhi," akajibu kwa Kiingereza, "na wewe umwombe kabla hujamkata ovyo." Darasa zima tukaomba radhi kwa panya, kila mtu kwa lugha yake.

Lakini alikuwa na mambo yake ya ajabu. Panya aliwapasua kama anayemenya chungwa, ila mjusi wa ukutani akitokea alipanda juu ya kile kiti alichosema ni cha wavivu. Alipiga marufuku chakula maabara, hata bazoka ya kutafuna, na huku droo yake ya chini, iliyobandikwa karatasi yenye fuvu na neno SUMU kwa herufi nyekundu, ilijaa ubuyu. Niliigundua mwaka wa pili nikitafuta glavu. Aliniona. Akafikiri kidogo, akanipa kipande kimoja na kuniambia, "Sumu hii huua kwa taratibu. Kula uende kanawe."

Halafu lile jambo la shahada. Yeye mwenyewe aliianza shahada hii hii niliyokuwa naisoma, ujanani, akaiacha mwaka wa tatu. Sababu alizonipa ni tatu na hazikufanana. Mara ya kwanza alisema ni ndoa. Mara ya pili alisema baba yake alikufa. Mara ya tatu nilimkuta anahesabu mirija iliyovunjika, akasema bila kuulizwa, "Nilifeli kemia, na niliona haya kurudia." Nadhani hiyo ya tatu ndiyo ya kweli, kwa vile baada ya kuisema alinikaripia bila sababu mpaka jioni.

Mimi kwangu shida ilikuwa nyingine. Mama yangu alikuwa dobi katika hoteli moja ya Deira, na alikaa Al Baraha katika chumba kimoja na wanawake watano. Alinileta Dubai nisome. Kila Ijumaa nikienda kumwona aliniuliza, "Hiyo baiolojia inaisha lini ndio uanze udaktari?" Nikimweleza kwamba hii si ya udaktari, aliwaambia wenzake, "Bado kidogo tu." Nilikuwa sijui nitakuwa nani. Usiku nilikuwa nafikiria, nikimaliza nitafanya nini na majina mia tano ya vidudu kichwani, na mguu unatikisa kitanda. Nilimwuliza Bi Mkubwa siku moja, hii elimu ni ya nini hasa? Akaniambia ni ya kujifunza kuona kilichopo badala ya unachokitaka. Nilimwambia hiyo haiandikwi kwenye fomu ya kuomba kazi. "Ndiyo maana kazi nyingi zafanywa vibaya," akasema.

Hilo la kuona kilichopo alilipeleka mbali. Daftari la maabara kwake lilikuwa kitu cha kushikiwa udhu. Uandike kwa kalamu ya wino, usifute, usichane karatasi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, mmoja tu, ili kosa lisomeke, kisha andika lililo sahihi na utie saini ndogo pembeni. "Kosa lisomeke," alikuwa anatuimbia. "Mwenye kuficha kosa huja akalila." Niliipenda kauli hiyo. Niliwahi hata kuiandika kwenye jalada la daftari langu, na sasa nikiikumbuka naona aibu.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alifanya utafiti wake. Mimi nilichagua bakteria wanaokula mafuta. Nilitaka tope kutoka Al Jaddaf, pale ukingoni mwa khori, ule mkono wa bahari, wanapotengeneza majahazi ya mbao, maana tope lile limenyweshwa mafuta ya injini miaka na miaka. Bi Mkubwa alisema siwezi kwenda peke yangu, nitachota uchafu badala ya tope. Tukaenda wawili. Alipandisha baibui, akavaa mifuko ya plastiki miguuni, akaingia na upawa wa jikoni kwake. Mlinzi mmoja wa kule, Mkenya kama mimi, akatukimbilia.

"Mamaa! Mnatafuta nini hapo?"

"Wadudu," Bi Mkubwa akajibu bila kuinuka.

"Wadudu? Si mje kwa room yetu mchukue bure!"

Alicheka mpaka upawa ukamponyoka. Ni siku hiyo tu nilipomwona akicheka hivyo, na tope limemrukia hadi kwenye miwani. Wiki iliyofuata pale mahali pakazungushiwa mabati, mnara unajengwa. Tope nililokuwa nalo ndilo hilo hilo.

Nilifanya majaribio mawili yakaharibika kwa makosa yangu. La tatu lilikuwa la mwisho. Msimamizi wangu aliniambia wazi: bila matokeo ndani ya wiki mbili, hakuna kuhitimu muhula ule. Na viza yangu ya mwanafunzi ilikuwa inakwisha na muhula. Maana yake ni kupanda ndege, kurudi Kitale na mabegi mawili, na mama kuwaambia wenzake kitu gani sijui.

Siku ya jaribio hilo nilizitia chupa zangu kwenye kabati la joto saa mbili kamili asubuhi. Zilitakiwa zikae humo muda wa masaa manne, yaani mpaka saa sita, ndipo zihamie kwenye jokofu wadudu wasimame kukua. Lakini nilikuwa na mtihani wa jenetiki saa tatu mpaka saa saba, na Bi Mkubwa hakuwa amefika. Nikachukua karatasi nimwandikie. Nikaanza: *Bi Mkubwa, tafadhali toa chupa baada ya ma...* Mkono ukasita. Wiki ile ile alikuwa amenisema mbele ya watu juu ya lile *ma* langu. Nikasema moyoni, leo nitamfurahisha bibi wa watu. Nikachukua karatasi nyingine safi, nikaandika kwa Kiswahili cha Unguja: *Tafadhali zitoe baada ya saa nne.* Nikaibandika kwenye mlango wa kabati nikakimbia, tena nikijisifu.

Nilirudi saa saba na dakika kumi, natweta. Kabati liko tupu.

"Nimekutolea," Bi Mkubwa akasema, akipangusa meza. "Saa nne na dakika tano. Kama ulivyoandika."

Sikumwelewa mara moja. Nikaangalia saa ya ukutani, nikaangalia karatasi yangu.

"Saa nne ya *asubuhi*? Bi Mkubwa! Nilikuwa namaanisha masaa manne!"

Akaja akaisoma ile karatasi, midomo ikisogea. Akavua miwani.

"Lakini wewe husemi hivi," akasema taratibu. "Wewe husema masaa. Ningekuwa nimeandikiwa na mtu wa kwetu ningejua ni muda. Nilipoona ni wewe, nikasema huyu wa bara, saa nne yake ni saa nne ya asubuhi."

Mwajua, hata leo nikikumbuka sijui nicheke au nilie. Miaka mitatu kila mmoja amemng'ang'ania mwenzake, na siku moja tu mimi nikavuka kwenda kwake, naye akavuka kuja kwangu, tukapishana.

Siku ile sikucheka. Nilimshika mkono. Kitabu cha kabati kilikuwa wazi mezani. Saa ya kuingia nimeandika mimi, saa ya kutoka bado haijajazwa. "Andika saa sita," nikamwambia. "Tafadhali. Andika tu saa sita, nitajua mwenyewe nitafanya nini na matokeo. Nani atajua? Bi Mkubwa, watanirudisha kwetu!"

Alikitazama kile kitabu. Nadhani alitaka. Nitakufa nikiamini kwamba kwa dakika moja alitaka. Kisha akachukua kalamu yake na kuandika saa nne na dakika tano, akatia saini, akaondoka kwenda kumwita msimamizi.

Nilipobaki peke yangu niliibandua ile karatasi mlangoni nikaitia mfukoni mwa koti. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ule mguu.

Msimamizi alikuja, na mazungumzo yakageuka Kiingereza. Bi Mkubwa akasema, "Nilizitoa mapema. Kosa ni langu." Msimamizi akanigeukia: ulimwachia maelekezo gani? Nikasema nilimwandikia zikae kwa muda wa saa nne. Angalia hapo. Kwa Kiingereza hakuna kuchanganya, muda ni muda. Kwa hiyo neno langu lilikuwa kweli tupu, na lilikuwa uongo mtupu. Akauliza, karatasi iko wapi?

"Sijui," nikasema.

Bi Mkubwa alikuwa anapangusa meza, mahali pale pale pamoja.

Nikaongezewa wiki tatu, kwa kuwa kosa lilikuwa la mfanyakazi na si la mwanafunzi. Tope je, nitalitoa wapi? Kesho yake nilikuta chupa mezani kwangu, imejaa, ina jina la Al Jaddaf kwa mwandiko wake. Alikuwa amejiwekea akiba siku ile ya upawa bila kuniambia. Alinisimamia jaribio lile kila dakika, akazungumza nami kuhusu kazi tu, na droo ya sumu haikufunguliwa tena. Nilisubiri anigombeze. Niliandika makusudi "masaa" kwenye daftari, wazi kabisa, aone. Aliona, akapita.

Nikahitimu. Mama alivaa gauni la kijani akapiga vigelegele mpaka walinzi wakageuka. Nilimtafuta Bi Mkubwa ukumbini, kisha maabara. Kijana Mfilipino akaniambia Anti alipewa barua ya onyo, akahamishiwa stoo ya kemikali, na mkataba ulipokwisha hawakuuongeza. Wiki mbili zilizopita. Nilikuwa na nambari yake ya simu. Nilikuwa nayo miaka minne, na sikuipiga. Nilijiambia nina shughuli nyingi. Nilihama chumba mara tano, na kila nikihama ile karatasi nilihama nayo, ndani ya bahasha ya cheti.

Siku hizi natoa watu damu ya vipimo. Niko maabara ya kliniki ndogo Al Baraha, mtaa wa pili kutoka kwa mama, ambaye amewaambia wote kwamba binti yake ni daktari. Asubuhi moja niliita nambari kumi na saba, akaingia bibi mwenye fimbo, mwembamba, na kabla hajafika kwenye kiti nilimjua kwa namna alivyokitazama kile kiti.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba." Akanikodolea. "Aa. Mtoto wa mguu."

Akaketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameegemea, na roho ikaniuma. Karatasi yake ilisema kipimo cha sukari, kabla ya kula. Nikamwuliza kama amekula. Amekunywa chai na mandazi matatu, hakuna aliyemwambia chochote. Basi leo haitawezekana, nikamwambia, arudi kesho. Akaanza kuinuka. Nikajua akitoka mlango ule nitaendelea kuhama na bahasha.

"Bi Mkubwa, ile karatasi ninayo."

Hakuuliza karatasi gani.

"Najua unayo. Nilikuwa mlangoni narudi, msimamizi yuko nyuma yangu. Nilikuona ukiitia mfukoni."

"Uliniona? Mbona hukusema? Walikufukuza kazi!"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe."

"Siku ile?"

"Siku ile. Na kesho yake. Na kesho kutwa. Na mtondo." Alikaza ushungi wake. "Kwani tope nilikupa la nini? Nilisema, akimaliza kazi yake, akitulia roho, atakuja. Nikangoja mpaka siku nakabidhi funguo."

Nililia pale pale na glavu mkononi, nambari kumi na nane amekaa nje anangoja. Nikamwambia nisamehe, nilikuwa mwoga, nimekuwa mwoga miaka minne. Aliniacha nilie. Hakusema haidhuru, kwa kuwa ilidhuru. Halafu akagonga sakafu kwa fimbo.

"Haya, khalas. Niandikie hayo masharti ya kesho, kichwa changu si kile cha zamani."

Nikachukua karatasi. Nikafikiri sana kuliko siku zote nilizowahi kufikiri nikiandika. Nikaandika: *Usile kitu chochote masaa kumi kabla ya kipimo. Chakula cha mwisho saa nne usiku. Njoo saa mbili asubuhi.* Nikampa.

Akavaa miwani akasoma, midomo ikisogea. Nikaona macho yamesimama pale pale nilipojua yatasimama. Akanyoosha mkono, nikampa kalamu. Akaishika juu ya lile neno, akakaa nayo hivyo, kisha akanirudishia kalamu bila kuandika.

"Hapa umekosea," akasema.

"Najua, Bi Mkubwa."

"Lakini nimefahamu."

Akaikunja karatasi mara mbili, akafungua mkoba wake, akaitia ndani na kuufunga zipu.

"Hii ya leo," akasema, "naiweka mimi."